Malipo ya mtandao: Nani atajibu mzigo ukikwama mpakani?

MFANYABIASHARA wa mpakani siku hizi hatembei tena na mafungu ya noti kiunoni. Anayenunua mchele au mahindi upande wa Ngara na kuyapitisha Rusumo hadi Kirehe na Kigali, simu yake ndiyo mfuko, ndiyo benki, na kwa wengi ndiyo daftari pia. Jambo hilo limewapunguzia watu hofu ya kuporwa njiani na limewaokolea muda. Hakuna anayetaka turudi nyuma.

Lakini lipo tatizo ambalo kila aliyewahi kukaa ghalani siku ya soko analijua. Mnunuzi anafika, anabonyeza simu, anaionyesha kwa muuzaji na kusema, "Mama, tayari nimelipa, ujumbe huu hapa." Muuzaji anatazama simu ya mwenzake, anasoma kiasi, anaita vijana wapakie. Jioni anapouliza salio lake anakuta fedha haikuingia. Ujumbe ule ulikuwa wa kutengenezwa, au ulikuwa wa juzi, au fedha ilikwenda kwa namba nyingine inayofanana na yake. Magunia yamekwisha kuvuka daraja.

Ipo pia sura ya pili ya tatizo hilo, nayo huumiza upande mwingine. Mnunuzi amelipa kweli, fedha imekatwa kwake, lakini mtandao umekwama na muuzaji hajapata ujumbe. Muuzaji anakataa kutoa mzigo, na haki anayo. Mnunuzi naye ana haki yake. Lori linasubiri, dereva anadai posho, na jua la Rusumo halina huruma kwa nyanya wala kwa samaki.

Tunalizungumzia suala hili leo kwa sababu dawa yake ipo, na imekuwa ikitumiwa na kampuni kubwa kwa miaka mingi. Dawa hiyo ni kuunganisha huduma za malipo moja kwa moja na kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile zinazoitwa kompyuta za wingu, ili kazi zinazofuata baada ya malipo zijiendeshe zenyewe bila mtu kusoma ujumbe wa simu. Gazeti hili linaunga mkono matumizi hayo yafike hadi kwa vyama vya ushirika na wafanyabiashara wadogo wa mipakani. Hata hivyo tuna sharti moja, nalo ndilo kiini cha maoni yetu: kabla mashine haijakabidhiwa ufunguo wa ghala, ijulikane kwa maandishi nani atajibu siku mashine itakapokosea.

Tuanze na maelezo, maana jina lenyewe linapotosha. Hilo wingu halipo angani. Ni majengo yenye ulinzi, umeme wa akiba na maelfu ya kompyuta, ambamo mtu yeyote anaweza kukodi sehemu na kulipia kadiri anavyotumia, kama anavyolipia maji kwa mita. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2006. Mwaka uliofuata, Machi 2007, Safaricom ya Kenya ikaanzisha M-Pesa. Hapa Rwanda MTN ilianza huduma ya fedha kwa simu mwaka 2010. Kwa miaka kadhaa mambo haya mawili yalikwenda kila moja kwa njia yake. Mwenye duka alipokea fedha kwa simu, kisha akaandika kwa kalamu.

Kilichobadilika ni kwamba kampuni za simu zilifungua milango ambayo programu za watu wengine zinaweza kuingilia. Safaricom ilifungua wake mwaka 2017 na kuupa jina la Daraja, jina ambalo mtu wa mpakani halihitaji kufafanuliwa. MTN nayo ina mlango wa namna hiyo, na Rwanda imo katika nchi unakotumika. Nchini Tanzania, mwaka huohuo wa 2017, serikali ilianza kukusanya malipo yake kupitia mfumo mmoja ambao humpa kila mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukilipa kwa namba hiyo, taasisi inayodai inapata taarifa kwenye kompyuta yake bila wewe kupeleka karatasi ya benki dirishani. Wasomaji wetu waliowahi kulipia ushuru au leseni upande wa pili wanaufahamu. Wenzao wa huku wanajua Irembo, iliyoanza mwaka 2015, ambako namba ya ankara hufanya kazi hiyohiyo.

Sasa tuchukulie ushirika wa wauza nafaka wenye ghala moja na wanachama thelathini. Mnunuzi anapoagiza magunia 20, programu ya ushirika inamwandikia ankara yenye namba yake ya pekee. Mnunuzi analipa kwa simu akitaja namba hiyo. Dakika hiyohiyo kompyuta ya kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye kompyuta iliyokodiwa na ushirika: fedha kiasi fulani imeingia, kwa ankara fulani, saa fulani. Kompyuta ya ushirika inaitafuta ankara, inalinganisha kiasi, inaiandika kuwa imelipwa, inapunguza magunia 20 kwenye hesabu ya ghala, inamtumia mnunuzi stakabadhi, na inamtumia mtunza ghala ujumbe kwamba mzigo utolewe. Mtunza ghala hahitaji kutazama simu ya mtu. Anasubiri neno kutoka kwa mashine ya ushirika wake mwenyewe.

Gharama yake kwa ushirika mdogo si kubwa, kwa sababu kompyuta ya kukodi inayopokea taarifa mia moja kwa siku haitumii nguvu nyingi. Kinachosumbua ni kwamba bili huja kwa dola na hutaka kadi ya benki, na kwamba lazima awepo kijana anayejua kuandika programu. Vijana hao wapo Kigali, Dar es Salaam na hata Huye. Hilo tuliache hapo.

Pale panapotakiwa kutazamwa kwa makini ni namna mnyororo huu unavyokatika, maana hukatika.

Kwanza, taarifa moja inaweza kufika mara mbili. Hili si kosa la fundi, ndivyo mifumo hii ilivyojengwa. Kompyuta inayotuma, isipopata jibu kwamba ujumbe umepokelewa, hutuma tena. Stripe, kampuni ya Marekani inayoshughulikia malipo ya kadi, inawaeleza wateja wake waziwazi kwamba taarifa ileile inaweza kuwafikia zaidi ya mara moja, kwamba taarifa zinaweza kufika bila kufuata mpangilio, na kwamba pasipo jibu itaendelea kujaribu hadi siku tatu. Sasa fikiria programu iliyoandikwa kwa haraka, isiyokumbuka kwamba muamala huu imekwisha kuupokea. Inaona taarifa ya pili na kuamuru magunia mengine 20 yatoke. Mnunuzi mwenye tamaa atanyamaza. Dawa yake ni rahisi: kila muamala una namba yake, na programu inapaswa kuiandika namba hiyo kabla ya kufanya lolote, na kukataa kutenda mara ya pili inapoiona tena. Ni kama karani anayegonga muhuri kwenye risiti ili isitumike tena. Cha ajabu ni kwamba muhuri huo, ambao kila karani wa ghala anaujua, ndio mafundi wengi chipukizi wanaousahau.

Pili, taarifa inaweza isifike kabisa. Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko. Oktoba 20, 2025, hitilafu katika vituo vya Amazon vilivyoko jimbo la Virginia, Marekani, ilisimamisha huduma nyingi duniani, zikiwamo za kutumiana fedha. Mfanyabiashara wa Rusumo hana habari na Virginia. Lakini kama programu ya ushirika wake imekodiwa chumba huko, umbali huo unamhusu. Kituo cha Amazon kilicho karibu nasi kipo Cape Town tangu mwaka 2020; vya Microsoft vipo Afrika Kusini tangu mwaka 2019, na Google ilifungua chake Johannesburg mwaka 2024. Hata huko, ujumbe hupita nyaya zilezile za baharini.

Kwa hiyo haitoshi kusubiri taarifa ije. Programu iliyoandikwa vizuri huuliza yenyewe. Katika mlango wa MTN kila ombi la malipo hupewa namba yake ya pekee, na kwa namba hiyohiyo unaweza kuulizia limefikia wapi: limekubaliwa, limekataliwa au linasubiri. Safaricom nayo inaruhusu kuulizia hali ya muamala. Aidha, kila jioni hesabu ya ushirika ilinganishwe na hesabu ya kampuni ya simu, mstari kwa mstari, na tofauti yoyote isomwe na binadamu kabla ghala halijafunguliwa asubuhi. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Tunasisitiza hilo kwa sababu tumeona watu wakidhani mashine ikiingia, daftari linakwenda likizo.

Tatu, si kila anayebisha hodi ni mgeni wa heri. Anwani inayopokea taarifa za malipo iko kwenye intaneti, na tapeli anayeijua anaweza kuitumia taarifa ya uongo kama alivyokuwa akitengeneza ujumbe wa uongo wa simu. Kampuni makini hutia saini kwenye taarifa zao, saini ya kihesabu ambayo programu inaikagua kwa ufunguo wa siri. Programu isiyokagua saini, au isiyorudi kuuliza kwa kampuni yenyewe kama muamala ni wa kweli, haina tofauti na yule muuzaji aliyeamini simu ya mwenzake. Tapeli atakuwa amehama kutoka kwenye kioo cha simu kwenda kwenye mtandao, basi. Na ule ufunguo wa siri usikae kwenye simu ya kijana mmoja aliyeandika programu. Akiondoka kwa hasira, ataondoka nao.

Wapo wasomaji wetu ambao hawa mashine wanawasumbua kwa namna nyingine, nao ni waliorejea nyumbani. Tunawazungumzia waliorudi miaka ya tisini, na waliorudi mwaka 2013 kutoka Kagera, wengi wakiwa na wateja, wakwe na mashamba ya kumbukumbu upande wa pili wa mto. Mara nyingi mtu wa namna hii ana laini mbili, moja ya huku na moja ya huko. Laini ya huko pengine imesajiliwa kwa jina la shemeji aliyebaki. Anapolipa, jina linalotokea kwenye taarifa si lake. Mashine iliyofundishwa kulinganisha jina la mlipaji na jina lililo kwenye ankara itasema hayalingani na kuuzuia mzigo. Karani wa kibinadamu angeuliza maswali mawili na kuelewa.

Maoni yetu ni kwamba malipo yalinganishwe kwa namba ya ankara, kamwe yasilinganishwe kwa jina wala kwa namba ya simu pekee. Namba ya ankara haina ndugu wala mpaka. Hapohapo tunawaasa warejeaji wasajili laini kwa majina yao pale sheria inapowaruhusu, maana siku ya mgogoro fedha iliyo kwenye laini ya shemeji ni fedha ya shemeji, na kesi za namna hiyo huvunja undugu kuliko zinavyorudisha fedha.

Jambo la sarafu nalo lina uzito wake. Mwaka 2014 Tigo iliunganisha wateja wake wa Tanzania na wa Rwanda ili watumiane fedha kwa simu, shilingi ikigeuka faranga njiani bila kupita kwa mbadilishaji. Tigo ya Rwanda ilinunuliwa na Airtel mwaka 2018, lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuonekana kuwa linawezekana. Mwaka 2015 Vodacom Tanzania na Safaricom nao wakaunganisha M-Pesa za pande zao. Huduma za namna hii zinapounganishwa na programu ya ghala, swali linazuka: bei imeandikwa kwa faranga, fedha imetumwa kwa shilingi, kiwango cha kubadilisha kimesogea kidogo kati ya ankara na malipo, na fedha iliyofika imepungua faranga mia tatu. Je, ankara imelipwa au haijalipwa? Mashine haitajua kama haijaambiwa. Ushirika uamue mapema upungufu wa kiasi gani unavumilika, na programu iandike kiwango cha siku hiyo pamoja na kiasi. Wakibishana wiki moja baadaye kuhusu kiwango cha Jumanne iliyopita, kila mtu atakumbuka kile kinachomfaa.

Kuhusu siri za wateja, sheria ipo. Rwanda ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2021, nayo inataka taarifa hizo zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa idhini ya mamlaka husika. Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022, na Kenya mwaka 2019. Ushirika unaoweka majina na namba za simu za wanunuzi kwenye kompyuta ya kukodi iliyoko nchi nyingine unapaswa kuomba idhini hiyo kwanza, au kukodi mashine zilizomo humu nchini. Fundi atakayesema "hilo dogo" aulizwe kama yeye ndiye atakayelipa faini.

Tunarudi sasa kwenye sharti letu. Mikataba ya huduma hizi huandikwa na kampuni, kwa lugha ya wanasheria, na mara nyingi mtumiaji huikubali kwa kubonyeza tu. Muuzaji wa magunia 20 hana wakili. Taarifa ikipotea kati ya kampuni ya simu, kampuni ya kompyuta za kukodi na programu ya ushirika, kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake, na anayebaki na hasara ni yule aliyesimama na mzigo. Kampuni ya simu itasema ilituma. Wenye kompyuta watasema mashine ilikuwa inafanya kazi. Kijana wa programu atasema aliandika vizuri. Na kweli inawezekana wote watatu wanasema kweli, kwa sababu ujumbe ulipotea katikati.

Kwa hiyo tunazitaka benki kuu na mamlaka zinazosimamia mawasiliano katika nchi zetu ziandike kanuni fupi inayoeleweka. Kampuni ya fedha za simu inayofungua mlango wake kwa programu za biashara iwajibike kutunza kumbukumbu ya kila taarifa iliyotuma, saa iliyoituma na jibu iliyolipata, na kumpa mfanyabiashara kumbukumbu hiyo anapoiomba, bila malipo na ndani ya siku moja. Kwa karatasi hiyo tu, mgogoro mkubwa hugeuka mdogo, kwa kuwa itajulikana mnyororo ulikatikia wapi. Mkataba uwepo pia kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2017 ni rasmi nchini mwetu. Mtu hawezi kuwajibishwa kwa maneno asiyoweza kuyasoma.

Tunazitaka pia kampuni za simu zipunguze masharti ya kujiunga kwa vyama vidogo. Kumtaka mama wa ushirika wa nafaka alete nyaraka zilezile zinazoletwa na hoteli kubwa ya Kigali ni kumwambia abaki na ujumbe wa simu, na matapeli wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha njia kwa kuwa na cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Kama forodha imeweza kutambua kwamba mzigo mdogo unastahili karatasi nyepesi, kampuni ya simu inashindwa nini?

Kwenye kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja ili msafiri asisimame mara mbili. Tungependa kuona hapo pia dawati moja la migogoro ya malipo, lenye mtu wa kampuni za simu za pande zote mbili, linalofunguliwa hata Jumamosi. Mashine ikisema malipo hayajafika na mnunuzi akisema yamefika, waende hapo wote wawili na namba ya muamala, na lori liruhusiwe kusogea kivulini wakati wanasubiri.

Na kwa ushirika utakaoamua kuanza, tunashauri uanze na bidhaa moja na ghala moja, kwa miezi mitatu, daftari la karatasi likiwa bado mezani na mtunza ghala akiwa na ruhusa ya kusema "subiri" hata kama mashine imesema "toa".